Vumbi la mbao limehamia jikoni

Mshauri, mwangaluka.

Mimi ni mtumishi wa umma, naishi Bwiru hapa Mwanza. Nyumba yangu iko kwenye mteremko na lango la banda la gari linatazama ziwani. Gari lenyewe nililiuza zamani, banda nikaligeuza karakana ya useremala. Nilianza na stuli na meza za wanafunzi, sasa napata oda za vitanda vya watoto na makabati ya jikoni. Vitanda natengeneza kwa mninga nikiupata, la sivyo paini. Makabati ni MDF, zile mbao za kiwandani. Nina msumeno wa meza, mashine ya msasa ya mkono, grenda na randa. Nafanya kazi usiku nikitoka ofisini, na Jumamosi kutwa.

Tatizo ni vumbi. Sisemi maranda, hayo tunayazoa na kuwatandikia kuku. Nasema lile laini kama unga wa muhogo. Mlango wa banda unaingia jikoni moja kwa moja, na mke wangu sasa anaosha sahani kabla ya kupakua, si baada ya kula tu. Jumamosi ndiyo balaa, linafika mpaka kwenye chandarua. Ajabu ni kwamba siku za kazi, usiku, ndani kuna nafuu, lakini jirani wa chini yangu akiamka anakuta gari lake limevaa vumbi. Ameshanilalamikia, na safari hii amesema atakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Nilinunua feni kubwa ya kusimama, nikaiweka nyuma yangu ipulize kuelekea langoni. Naona imezidisha. Navaa barakoa zile za bluu za hospitali, lakini asubuhi nikipenga kamasi inatoka na rangi ya mninga. Nina ndevu, sijui kama zinahusika. Shemeji yangu mdogo, anayesoma sekondari, hunifagilia banda kila asubuhi kabla ya shule. Hata wale kuku siku hizi wanapiga chafya. Na mtoto wetu wa pili, ana miaka 4, anakohoa, inaingia wiki ya tatu. Mke wangu anasema ni vumbi langu, mimi nasema ni mafua ya kiangazi, na tangu hapo hatusemezani vizuri.

Kuna mtu wa Dar anataka kuniuzia mashine ya kunyonya vumbi, ile yenye mfuko mkubwa wa kitambaa. Bei yake inameza faida ya makabati matatu. Mke wangu anataka niondoke kabisa, nikapange fremu Igoma. Ninunue, nihame, au kuna njia nyingine? Na swali dogo: vanishi yangu ikikauka inakuwa na chengachenga, hata nikipaka usiku banda limetulia. Kwa nini?

Mwenye Vumbi, Bwiru

*

Mwangaluka na wewe, Mwenye Vumbi. Mashine tutaifikia, lakini kuna jambo haliwezi kusubiri zamu yake.

Mpeleke mtoto kituo cha afya wiki hii hii. Kikohozi kilichopita wiki 2 kinatakiwa kuchunguzwa kifua kikuu, na matibabu ya TB katika vituo vya serikali hayalipiwi. Inaweza kuwa TB, inaweza kuwa pumu, mafua yaliyokawia au vumbi lako. Mimi siwezi kujua kwa barua, na ninyi wawili hamtajua kwa kubishana sebuleni. Mkifika, mwambieni daktari bila kuficha kwamba nyumbani mnapasua mninga na MDF kila siku. Asipoambiwa, hilo halitamjia akilini. Hadi mtakapopata majibu, mtoto asikanyage bandani, na wewe usiingie ndani na nguo za kazi na kumbeba. Vua hukohuko, oga, ndipo umbebe.

Sasa vumbi. Umeniandikia jibu la nusu ya tatizo lako pale uliposema Jumamosi linaingia ndani na usiku linamwendea jirani. Huo ni upepo. Mchana jua hupasha nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inapanda, ya ziwani inakuja kushika nafasi yake. Lango lako linatazama ziwani, kwa hiyo Jumamosi alasiri upepo unaingia langoni, unapita kwenye benchi lako na kutokea penye mwanya wa karibu, yaani mlango wa jikoni. Usiku mambo yanageuka. Nchi inapoa kuliko ziwa, upepo unashuka mlimani kwenda majini, na njiani kuna gari la jirani. Wavuvi wa mitumbwi ya tanga wanaishi kwa mabadiliko hayo: wanatoka na upepo wa nchi kavu, wanarudi na wa ziwani. Feni yako ya Jumamosi ilikuwa inashindana na ziwa zima, na ikiwa nyuma yako ilikuwa inatimua hata vumbi lililokwisha kutulia sakafuni. Iondoe.

Kabla hujatumia hata shilingi, fanya jaribio moja. Usiku, baada ya kupiga msasa ubao mmoja, zima taa zote, washa tochi yenye mwanga mkali, iweke benchini imulike upande, kisha simama pembeni ya mwanga. Utaona wingu ambalo taa ya kawaida haikuonyeshi. Rudi baada ya saa moja, washa tena. Bado lipo. Chembe yenye upana wa maikroni 10 (unywele una kama 70) huchukua takriban dakika 5 kushuka mita 1 katika hewa iliyotulia. Ya maikroni 1 huchukua saa 8 na zaidi. Maana yake ni kwamba unapovua barakoa baada ya kuzima mashine na kukaa kunywa chai palepale, ndipo unapovuta lile lenye madhara. Vumbi kubwa linakwama puani, ndilo hilo la rangi ya mninga unalolipenga. Dogo linapita hadi ndani kabisa ya mapafu, wala hulipengi.

Sikutishi, lakini ujue unachocheza nacho. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliweka vumbi la mbao katika kundi la 1 mwaka 1995, yaani kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Inayozungumzwa zaidi ni saratani ya pua na mianzi yake, na walio hatarini zaidi ni wanaokaa kwenye vumbi jingi kwa miaka. Kabla ya kufika huko kuna pumu na ngozi kuwasha. Mninga na mvule zinajulikana kwa hilo. MDF ina la kwake: ni unga wa mbao ulioshikwa kwa gundi yenye kemikali ya fomaldehidi, kwa hiyo ukiikata au kuipiga msasa unaurudisha kuwa unga, safari hii pamoja na gundi. Katika karakana yako hakuna kitu kinachotoa vumbi laini zaidi ya hiyo.

Kwa hiyo hatua yangu ya kwanza haina mashine ndani yake: zalisha vumbi hilo kidogo iwezekanavyo. Oda za makabati, usikatie nyumbani. Wapo wauzaji wa mbao za MDF wenye mashine ya kukatia kwa vipimo. Andika orodha ya vipande vyako, lipia ukataji, wewe ubaki na kutoboa na kuunganisha. Utaona gharama, lakini linganisha na kodi ya fremu ya Igoma ambayo utailipa kila mwezi, pamoja na nauli. Kwa mninga na paini, rudi kwenye randa ya mkono. Randa yenye makali hutoa maranda, na maranda yanaanguka chini yanakaa. Msasa hutoa wingu. Wazee wa kazi hii walimalizia ubao kwa kipande cha kioo au cha msumeno uliokwisha, wanakwangua hadi unang'aa, kisha msasa namba 180 kwa mkono, mara chache tu. Vijana wanacheka kioo, lakini jaribu kwenye mbavu za kitanda uone utaokoa saa ngapi za mashine. Ukipiga msasa sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi) au rangi kati ya mpako na mpako, tumia msasa wa maji, na maji kidogo. Ule unga mweupe wa sila ni mbaya kama wa MDF.

Linalobaki, lishike linapozaliwa, kabla halijapaa. Hapa ndipo pa kuweka pesa zako, na ni pungufu ya bei ya ile mashine ya Dar. Tafuta vakyumu klina ya karakana, ile inayonyonya vikavu na maji, ambayo filta yake imeandikwa HEPA, yaani inanasa hata chembe ndogo sana. Ya kawaida ya kufagilia zulia usichukue: inameza vumbi mbele na kulitema laini nyuma. Mashine yako ya msasa, kama ni ya kisasa, ina mdomo wa kutolea vumbi na matundu kwenye kitako. Unganisha bomba hapo na uhakikishe matundu ya karatasi ya msasa yamekaa juu ya matundu ya kitako. Yakipishana hata nusu, umeziba njia, na mafundi wengi hawaangalii.

Katikati ya msasa na vakyumu weka ndoo. Chukua ndoo ngumu ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Toboa mfuniko mara mbili. Tundu la katikati lipitishe bomba la PVC lililosimama wima, lishuke ndani sentimita chache tu, na huko juu liende kwenye vakyumu. Tundu la pembeni liingize bomba linaloishia kwa elbo ndani ya ndoo, mdomo wake ukiambaa ukuta wa ndoo, usitazame katikati wala chini. Ziba pande zote kwa silikoni. Hewa ikiingia inazunguka ukutani, vumbi zito linapoteza kasi na kuanguka chini, hewa iliyopungua mzigo inapanda katikati kwenda kwenye filta. Vumbi laini kabisa bado litapita, ndiyo kazi ya HEPA, ila filta haitaziba kila baada ya ubao mmoja. Usiruhusu ndoo ijae zaidi ya nusu, maana ikijaa inaanza kurusha kila kitu juu. Ndoo nyembamba pia usitumie: bomba likiziba, mvuto utaikunja.

Msumeno wa meza unamwaga vumbi chini zaidi kuliko juu. Funga uwazi wa chini kwa plaiwudi, acha tundu moja la bomba. Na grenda ihamishe kona ya mbali au nje kabisa. Cheche moja ikinyonywa pamoja na vumbi kavu inaweza kufukuta ndani ya ndoo muda mrefu, ukaja kushtuka umelala. Kila jioni mwaga ndoo nje ya nyumba. Wala kusiwe na jiko la mkaa linalowaka jirani na mlango wa jikoni wakati banda lina wingu.

Hewa sasa. Mlango wa jikoni ubanwe kwa mpira pande zote na chini, na wakati wa kazi usifunguliwe. Anayetaka kukuita apige simu au azunguke. Tazama pia juu ya ukuta wa kati: mabanda mengi yameachwa wazi kati ya ukuta na bati, na vumbi hupita hapo kwa raha zake hadi juu ya dari ya nyumba, kisha linashuka vyumbani kidogo kidogo. Chandarua chako kinanifanya nishuku hilo. Ziba. Kisha weka feni ya kutolea hewa kwenye dirisha la ubavuni, mbali na mlango wa jikoni, ipulize nje, na lango liachwe wazi kiasi cha kuingiza hewa. Simama ukiwa umeligeuzia lango ubavu, benchi liwe karibu na dirisha, hewa safi ipite kwako kabla ya kufika kwenye ubao. Wenzetu wa nchi za baridi hawawezi kutupa hewa nje ovyo kwa sababu wamelipia kuipasha, ndiyo maana wananunua visafisha hewa vya kuning'iniza darini. Mwanza hewa ya nje ni bure, tumia hiyo. Jirani asikutie hofu hapa: ukishashika vumbi kwenye msasa na msumeno, kinachotoka dirishani ni kidogo sana.

Ile mashine ya mfuko wa kitambaa ni nzuri kwa kazi isiyo yako: mashine kubwa ya randa, magunia ya maranda. Mifuko ya nyingi za bei ya chini hushika chembe za maikroni 30 na kuzidi. Zilizo chini ya hapo zinapenya kitambaa na kurudi hewani, kwa hiyo ukiiweka ndani ya banda lako umenunua kipulizia vumbi kwa faida ya makabati matatu. Siku utakayokuwa na mashine ya randa ya umeme, inunue, mradi ikae nje chini ya kibanda chake na bomba lipenye ukutani.

Barakoa ya bluu ilitengenezwa kuzuia mate ya anayeivaa, haibani usoni, vumbi linapita mashavuni. Tafuta iliyoandikwa N95 au FFP2, ya mikanda miwili inayozunguka kichwa. N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo kabisa, lakini ikibana tu. Na ndiyo, ndevu zinahusika. Hata za siku chache zinainua ukingo. Kama ndevu hazinyolewi, basi kushika vumbi linapozaliwa kunakuwa muhimu zaidi kwako kuliko kwa mtu mwingine. Ivae mpaka unapotoka bandani, si mpaka unapozima mashine.

Nimeacha la shemeji yako mdogo kwa makusudi, kwa sababu limeniudhi. Wewe unafanya kazi na barakoa, mbovu lakini barakoa. Yeye anaingia asubuhi, vumbi limeshatulia usiku kucha, anachukua fagio kavu na kulirusha lote hewani, anavuta, anakwenda kukaa darasani. Anakula vumbi lako kuliko wewe. Kuanzia kesho banda lisafishwe na wewe mwenyewe, kwa vakyumu, na benchi lipanguswe kwa kitambaa kibichi. Pasipofika vakyumu, nyunyizia maji kwanza ndipo ufagie. Na kama una kompresa, usiitumie kupulizia nguo wala benchi.

Kuku wapewe maranda ya randa ya paini tu. Vumbi la msasa, la mninga au la MDF wasipewe, wala lisichomwe uani. MDF ikiungua moshi wake si wa kukaa karibu nao. Lifunge kwenye mfuko litoke na taka.

Vanishi yako: chenga unazoziona kwa macho ni kubwa, hazielei saa nyingi. Zinadondoka kutoka kwenye kenchi na bati, kutoka kwenye nguo zako, na zinatimuliwa na feni. Nyingine, ukizichungulia kwa karibu, zina mabawa. Ni wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa. Safisha kenchi kwa vakyumu, lala. Alfajiri pangusa sakafu na maji, badili shati, pangusa ubao kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, paka vanishi kwa mwanga wa asubuhi, funga lango, nenda kazini. Siku hiyo usipige msasa.

Kuhusu kuhama, mpe mkeo miezi mitatu ya utaratibu huu, na kipimo kiwe chake: apanguse juu ya friji Ijumaa jioni, apanguse tena Jumapili. Kitambaa kikitoka na rangi baada ya hapo, nenda Igoma bila ubishi. Na kwa jirani usisubiri mwenyekiti wa mtaa akuite. Shuka leo jioni ukamwamkie, mwambie unachobadilisha, na kwamba mpaka vakyumu ifike, usiku hutawasha msumeno wala msasa. Tena umwoshee lile gari.